Uongozi wa mageuzi shuleni ni nini?

Ni uongozi unaobadili fikra za watu, si kutoa amri tu. Mmarekani James MacGregor Burns aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1978.

Msikilizaji, tuchukue mfano. Novemba 24, 2021 Serikali ilitangaza kuwa wasichana walioacha masomo kwa ujauzito waruhusiwe kurudi shuleni baada ya kujifungua. Mkuu wa shule anaweza kubandika tangazo ubaoni, akamaliza. Lakini huku kwetu delta, Salale au Mbwera, msichana mwenyewe halioni. Yuko nyumbani analea. Mkuu wa mageuzi hupanda boti akamfuata, akakaa na wazazi wakapanga nani atabaki na mtoto. Kwanza, lakini, huzungumza na walimu na wanafunzi. Msichana akizomewa siku ya kwanza, ya pili haji.