Wacheni Kucheka Mbegu ya Chungwa

Kuna siku nilinunua machungwa matatu kwa mama mboga wa hapa chini, nikala yote usiku huohuo, kisha nikazika mbegu saba kwenye mikebe ya dirishani zikiwa bado zimelowa. Mbegu ya chungwa haipendi kukaushwa kama ya mahindi. Ikikauka sana, imekufa. Wiki nne hivi baadaye, moja ikatoa miche miwili. Nilidhani nimehesabu vibaya. Nikafukua polepole na kijiti cha meno, na kweli: mbegu moja, miche miwili, kama mapacha.

Nikatuma picha kwa grupu ya familia. Anko akajibu kwanza, kwa kicheko: "Hiyo itakudunga miiba, matunda utakula ukiwa babu."

Sasa, Anko hakuwa anacheka mikebe yangu tu. Ndiye anataka tung'oe mchungwa wa shosh kule Makueni ili apande miche ya kisasa, ile ya kupandikizwa. Shosh aliuotesha mwenyewe kwa mbegu ya chungwa alilokula njiani akitoka soko, mwaka baba alipoingia darasa la kwanza. Ulizaa baba akiwa kidato cha kwanza. Ni kweli una miiba, ni mrefu kupita kiasi, na mimi mwenyewe Krismasi iliyopita nilikuwa upande wa Anko. Mti wa mbegu si mti wa maana, ndivyo tunavyoambiwa kila mahali. Lakini wale mapacha walinisumbua, basi nikaingia kusoma.

Kumbe si mimi wa kwanza kushangaa. Mwaka 1719, Mholanzi mmoja aliyekuwa muuza vitambaa, Antonie van Leeuwenhoek, ambaye alijitengenezea hadubini zake mwenyewe, aliandika kwamba ameona viinitete viwili ndani ya mbegu moja ya chungwa. Sababu ilikuja kueleweka baadaye sana. Kiinitete kimoja hutokana na chavua kukutana na yai, yaani kina baba na mama. Hivyo vingine huota kutoka kwa mwili wa mama pekee. Hakuna baba. Ni nakala ya mti uliozaa lile tunda. Kwa machungwa mengi matamu, miche mingi inayotoka kwenye mbegu ni ya aina hiyo. Furungu ndilo huwa na kiinitete kimoja tu, cha baba na mama, na hapo ndipo huwezi kujua utapata nini. Kwa hivyo ule msemo kwamba mbegu haiwezi kukupa mti kama mama yake ni nusu ya ukweli.

Na historia yenyewe je? Hebu tuanzie nyumbani. Ibn Battuta alipita Mombasa mwaka 1331 na kati ya miti aliyoitaja mlikuwa na migomba na milimau. Aprili 1498 Vasco da Gama akatia nanga hapohapo Mombasa na mabaharia wengi wagonjwa wa kiseyeye, fizi zimevimba. Mfalme wa Mombasa akawapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Mmoja wao aliandika kwenye shajara ya safari kwamba wagonjwa wote walipona, na sifa akampa nani? Hewa nzuri ya mji! Machungwa ya watu yamewaponya, hewa ndiyo inashukuriwa. Walipotua Malindi wakirudi kutoka India, Januari 1499, walishashtuka kidogo, maana waliomba machungwa kwa ajili ya wagonjwa. Wengi wao walikuwa wamechelewa, wakafia hapo.

Kwa hivyo kabla Mreno hajafika, Pwani ilikuwa na michungwa yake. Matunda haya asili yake ni Asia, na yalifika kwetu kwa njia ya bahari. Mimi naamini mengi yalikuja kama mbegu, kwa sababu sioni nani angebembeleza mche mbichi kwenye jahazi majuma kadhaa huku maji ya kunywa yanapimwa. Tunda unabeba, unakula, unapanda.

Ng'ambo ile nyingine, jambo hilo liliandikwa wazi. Mwaka 1493, Columbus katika safari yake ya pili alichukua mbegu za machungwa na malimau kutoka visiwa vya Canary akazipeleka Hispaniola. Ndipo michungwa ikaanza kuota Amerika. Huko Karibi, chungwa likakutana na furungu bila mtu kupanga, likazaliwa balungi, lile chungu ambalo watu wa dayati wanakula asubuhi wakikunja uso. Huko Barbados lilikuwa limeshaandikwa habari zake kufikia 1750.

Sasa linganisha na lile chungwa la supamaketi lenye kitovu. Hilo halina mbegu kabisa. Liligunduliwa Bahia, Brazili, miche ikapelekwa Washington mwaka 1870, na mwaka 1873 mama mmoja aitwaye Eliza Tibbets akapanda michache Riverside, California. Mashamba mengi ya machungwa hayo California yalitokana na vikonyo vya miti yake. Mmoja uko hai hadi leo, umefunikwa neti kuukinga na wadudu wanaoeneza ugonjwa.

Hiyo neti inasema kitu. Miti ikiwa nakala tupu, udhaifu wao pia ni mmoja. Kuanzia miaka ya 1930, virusi vya tristeza viliua mamilioni ya michungwa Argentina na Brazili iliyokuwa imepandikizwa juu ya mizizi ya danzi. Kukata kikonyo kwa mti mgonjwa ni kubeba ugonjwa wake. Tristeza haipiti kwa mbegu, na wataalamu walirudi kwa mbegu, kwa vile viinitete visivyo na baba, kupata miti safi ya aina za zamani.

Sisemi mkulima wa biashara apande mbegu. Mche wa kupandikizwa unazaa mwaka wa tatu hivi, wa mbegu unaweza kukuweka miaka saba, nane, hata zaidi. Anko ana karo ya kulipa, namwelewa. Lakini nilimwandikia kitu kimoja: ile miche yake ya kisasa, chini ya kile kikonyo, kwa kawaida ni mlimau wa ganda gumu lenye mabonde. Na huo huoteshwa kwa mbegu.

Ameona. Tiki ziko bluu. Nafasi ya kupanda miche yake ipo upande wa mtoni, tena kubwa, na mchungwa wa shosh haumzuii mtu.

Shosh hakuandika lolote kwa grupu. Alinipigia tu jioni, akauliza kama nimewatenganisha wale mapacha. Nikamwambia bado, mizizi imeshikana na naogopa kuikata.

"Usiwaguse," akasema. "Ngoja wafikishe majani sita, halafu uniletee mmoja."