Kauli ya Klabu: Habari za Simba na Yanga, Kutoka Barazani Hadi Kiganjani

Agosti 2021 habari iliyotikisa vijiwe vya Kariakoo haikuwa ya mshambuliaji mpya wala ya kocha aliyefukuzwa. Yanga ilimtambulisha Haji Manara, mtu aliyekuwa msemaji wa Simba tangu 2015 na aliyeondoka Msimbazi mwezi mmoja tu kabla. Kwa miaka sita alikuwa akiwakejeli watu wa Yanga, Wana Jangwani, kila alipopata kipaza sauti, na sasa alikaa mbele ya kipaza sauti kingine kuwasemea haohao. Wazee wa mpira hawakushangaa sana. Baba yake, Sunday Manara, aliyeitwa 'Kompyuta', ndiye aliyeifungia Yanga bao la ushindi Simba ilipolala 2-1 pale Nyamagana, Mwanza, mwaka 1974.

Klabu kumtambulisha msemaji kwa shamrashamra za kumtambulisha straika ni jambo ambalo waasisi wa timu hizi mbili wasingelielewa. Wakati wao klabu haikuwa na msemaji, wala haikumhitaji. Habari zilikuwa za wanachama. Baadaye zikawa za redio ya serikali, kisha za magazeti, na ni katika miaka ya karibuni tu ambapo klabu zenyewe zimezirudisha nyumbani na kuanza kuzifanyia biashara.

Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata baadhi ya watu wake walijitenga wakaunda timu iliyoitwa Queens, ikawa Eagles, ikawa Sunderland, na hatimaye mwaka 1971 ikachukua jina la Simba. Vilikuwa vyama vya watu wa mjini: mwanachama alikuwa na kadi, alilipa ada, na alikuwa na haki ya kusimama kwenye mkutano mkuu kumuuliza mwenyekiti fedha zimekwenda wapi. Aliyetaka kujua kikosi cha Jumapili au mchezaji gani ana homa alikwenda klabuni, akakaa, akasikiliza. Makao ya Simba mtaa wa Msimbazi na ya Yanga kule Jangwani hayako mbali kwa miguu, kwa hiyo neno lililotamkwa upande mmoja asubuhi lilikuwa upande wa pili kabla ya mchana, likiwa limeongezwa chumvi njiani.

Machapisho yalikuwepo, lakini hayakuwa na kasi ya barazani. Mambo Leo, gazeti la serikali ya kikoloni lililoanza 1923, lilitoka mara moja kwa mwezi. Hakuna shabiki wa kusubiri mwezi mzima kuambiwa nani alifunga.

Redio ndiyo iliyovunja mipaka ya baraza. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na mwaka 1965 ikazaliwa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Kupitia RTD mtu wa Kigoma, Lindi au Bukoba aliweza kuwa Yanga au Simba bila kuwahi kukanyaga Kariakoo. Watangazaji Ahmed Jongo, Charles Hilary na wenzao waliufanya mpira uonekane kwa masikio, na Halima Mchuka akathibitisha kwamba sauti ya mwanamke inaweza kuubeba mchezo mzima. Julai 19, 1977, Simba ilipoichapa Yanga 6-0 na Abdallah Kibadeni akapachika matatu, matokeo hayakuhitaji kupelekwa na mtu kwa basi au treni.

Ila redio ilikuwa ya taifa. Mtangazaji alisimulia dakika 90, akataja wafungaji, akaaga. Yaliyokuwa yakiendelea ndani ya klabu hayakumhusu. Nazo klabu zilipenda hivyo. Wiki ya mechi ya watani hawa wawili timu zilitoweka: moja Zanzibar au Pemba, nyingine Bagamoyo au Morogoro. Kambi ilikuwa siri, mazoezi yalikuwa siri, na kikosi kilibaki siri hadi timu inaingia uwanjani. Kiongozi mzuri alihesabiwa kuwa yule asiyesema.

Ukimya huo uliacha nafasi, na nafasi haikukaa wazi. Katikati ya miaka ya 1970 Yanga ilipasuka katika mgogoro uliomhusisha kocha Tambwe Leya kutoka Zaire. Kambi zikapewa majina ya viatu: Raizoni na Kandambili. Kila upande ulikuwa na habari zake, wazee wake na ukweli wake, na mwisho wa mvutano kundi la wachezaji liliondoka na kuzaa Pan African mwaka 1976. Miaka mingi baadaye mchezo ulijirudia kwa majina mapya, Yanga Asili na Yanga Kampuni. Ukiwa mwandishi wa habari siku hizo, ulipokea wito wa mikutano miwili kwa jina la klabu ileile, na kila mwitaji alijiita halali.

Hapo ndipo magazeti yalipopata ulaji. Uhuru lilikuwepo tangu 1961 na Mzalendo tangu 1972, yakiandika michezo kwa nidhamu ya vyombo vya chama. Baada ya milango ya vyombo binafsi kufunguliwa katika miaka ya 1990, yakaja magazeti yaliyoishi kwa mpira: Dimba, Bingwa, Mwanaspoti, Championi. Yaligundua haraka kwamba kichwa cha habari chenye jina la Simba au Yanga huuza nakala hata wiki isiyo na mechi. Kwa hiyo kila wiki ilipatiwa habari. Mchezaji alionekana uwanja wa ndege, kocha alinuniwa, tajiri alikasirika. 'Mtu wa ndani' asiyetajwa jina akawa chanzo mashuhuri kuliko mwenyekiti.

Asubuhi, kwenye meza za wauza magazeti, watu walizunguka kusoma kurasa za mbele bila kununua, wakagawana ubishi wa siku nzima. Wasiofika mezani walisomewa vichwa hivyohivyo na redio. Viongozi nao walijifunza kutumia mlango huo wa nyuma: aliyetaka kumwangusha mwenzake alinong'ona kwa mwandishi, na kesho yake siri ya kamati ya utendaji ikawa ya kila mpanda daladala.

Kwa upande wa klabu zenyewe, kwenye katiba na desturi zao alikuwepo katibu mwenezi, cheo kilichofanana na kile cha chama cha siasa. Kazi yake ilikuwa kueneza maneno ya viongozi kwa wanachama. Hakuwa na kamera, hakuwa na ukurasa, na mara nyingi hakuwa na mshahara. Zama za redio za FM na magazeti ya kila siku zilidai mtu wa namna nyingine: anayepokea simu saa 12 asubuhi, anayejua mwandishi anataka nini, anayeweza kukanusha kabla uvumi haujala chakula cha mchana. Cheo kikawa ofisa habari, na mtaani akaitwa msemaji. Kanuni za leseni za klabu za Shirikisho la Soka Afrika (CAF) nazo zikataka klabu iwe na mtu wa kazi hiyo.

Orodha ya waliopita ni ndefu. Yanga ilikuwa na Louis Sendeu, Baraka Kizuguto, Jerry Muro, Hassan Bumbuli. Simba ilikuwa na Ezekiel Kamwaga na Asha Muhaji kabla ya Manara. Wengi wao walitoka vyumba vya habari, kwa hiyo walijua mbinu za waliokuwa wakiwahoji. Lakini Muro na Manara waliibadili kazi yenyewe. Kutoa taarifa hakukutosha tena, ilibidi kuchokoza. Msemaji akawa mtani mkuu, mtu wa kuwapa mashabiki maneno ya kurushiana kazini na sokoni. Utani una gharama zake: Muro alifungiwa na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) mwaka mmoja mwaka 2016, Manara naye akafungiwa mwaka 2017, na tena miaka miwili mwaka 2022 pamoja na faini ya shilingi milioni 20. Katibu mwenezi wa zamani hakuwa na sauti ya kufika mbali hivyo.

Klabu zilikuwa tayari zimeanza kutengeneza matukio yao zenyewe. Mwaka 2009, chini ya mwenyekiti Hassan Dalali, ilizaliwa Simba Day, siku ya Nane Nane ya kutambulisha kikosi mbele ya mashabiki. Yanga ilijibu mwaka 2019 kwa Wiki ya Mwananchi. Jambo lililokuwa likivuja kwa 'mtu wa ndani', yaani nani kasajiliwa na atavaa namba ngapi, likageuzwa sherehe yenye kiingilio, muziki na mdhamini.

Televisheni ikaongeza mtaji. Azam TV ilianza mwaka 2013 na kuchukua Ligi Kuu, na mwaka 2021 ikasaini na TFF mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Ndani ya king'amuzi cha Azam vipindi vya Simba na vya Yanga vilipata saa zao. Manchester United ilikuwa imefungua kituo chake, MUTV, tangu 1998, lakini klabu za Dar es Salaam hazikupita njia hiyo ya kujenga kituo kizima. Zilipanda mgongo wa mwenye mitambo, kisha zikahamia mahali ambapo mtambo ni simu ya shabiki.

Kwenye simu ndiko mambo yalikobadilika kabisa. Kurasa rasmi za Instagram za timu hizi zina wafuasi kwa mamilioni, zaidi ya nakala zozote gazeti la michezo la Tanzania lingeweza kuota kuchapa. Zote mbili zina programu za simu, chaneli za YouTube, wapiga picha wanaosafiri na timu, na vijana wa kuhariri video usiku kucha. Mchezaji mpya hutangazwa kwa filamu fupi, mara nyingine usiku wa manane, na watu hukesha kuisubiri. Anayeachwa huwekewa picha yenye maneno ya shukrani kwa Kiingereza, na mtaa umeshaifanya msemo: fulani 'kapewa Thank You'. Julai 2023 Simba ilizindua jezi zake kileleni mwa Mlima Kilimanjaro. Waandishi hawakuhitajika kupanda, maana klabu ilikuwa na kamera zake.

Wasemaji wa zama hizi wanafaa kwa kazi hiyo. Ahmed Ally alijiunga na Simba Januari 2022, na Ali Kamwe akaingia Yanga baadaye mwaka huohuo. Wote wawili sura zao zilikuwa zimezoeleka Azam kabla. Wanajua kwamba taarifa ya mechi ni tangazo la tiketi pia. Kabla ya Yanga kuikabili CR Belouizdad ya Algeria Februari 24, 2024, klabu iliitangaza siku hiyo kuwa 'Pacome Day', na mashabiki wakapaka nywele rangi kumwigiza mchezaji wao Pacôme Zouzoua. Yanga ilishinda 4-0. Mabao yalifungwa na wachezaji, lakini uwanja ulikuwa umeandaliwa na idara ya habari.

Waandishi wa nje wamepungukiwa nafasi. Zamani mwandishi aliyetaka picha ya mazoezi alikwenda mazoezini. Sasa huipakua kutoka ukurasa wa klabu, ikiwa imeshachaguliwa. Klabu hueleza mengi kuhusu nani amekuja, na mara nyingi hukaa kimya kuhusu amenunuliwa kwa dau gani. Maswali ya namna hiyo bado yanaulizwa kwenye vipindi vya redio kama Sports Extra ya Clouds na Sports HQ ya EFM, na kwenye mkutano mkuu, pale mwanachama mwenye kadi anaposimama kama alivyosimama babu yake.

Machi 2025 vyombo rasmi vilipimwa kwa swali jepesi kuliko yote: leo kuna mechi au hakuna? Yanga ilikuwa mwenyeji wa watani wake Simba Machi 8. Usiku wa kuamkia siku hiyo Simba ilitoa taarifa kwamba haitacheza, ikisema timu yake ilizuiwa kufanya mazoezi katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, haki ambayo kanuni zinampa mgeni. Yanga ikatoa yake kwamba mchezo uko palepale. Bodi ya Ligi nayo ikaja na barua ya kuuahirisha. Yanga ilipeleka timu uwanjani hata hivyo.

Barua zote zilikuwa na nembo, zote zilikuwa rasmi, na zote zilifika kwenye simu ndani ya dakika chache. Kasi haikuwa tatizo. Shabiki aliyepanda basi kutoka mkoani na tiketi mfukoni alikuwa na taarifa nyingi kuliko shabiki yeyote wa 1977, lakini klabu yake ilimsemea upande wake tu, na jibu lilikuwa kwa Bodi. Mchezo ulipigwa Juni 25. Yanga ilishinda 2-0.