Changarawe, si kokoto

Baiskeli ya mbio za njia za vumbi tuiiteje? Wapo wanaosema “baiskeli ya kokoto”. Hapana. Kokoto ni mawe yaliyopondwa ya kuchanganyia zege. Vijiwe vya njiani ni changarawe, na kwa ajili yake baiskeli hii huvaa tairi pana, milimita 40 hivi.

Marehemu Sule Kangangi, mwendesha baiskeli wa Kenya aliyefariki mwaka 2022 akishindana Vermont, Marekani, aliupenda mchezo huu wa mbio za njia za vumbi kwa dhati. Unastahili jina la Kiswahili. Wauzaji na watangazaji, semeni “baiskeli ya changarawe”.