Bujumbura kwa miguu: njia ya historia kutoka bandarini hadi kilima cha Vugizo

Bujumbura ilikuwa mji mkuu wa Burundi tangu siku ya uhuru, 1 Julai 1962, hadi Januari 2019, Bunge lilipopitisha sheria iliyoifanya Gitega kuwa mji mkuu wa kisiasa na kuiachia Bujumbura hadhi ya mji mkuu wa kiuchumi. Haikuwa mara ya kwanza kwa makao ya utawala kuhama baina ya miji hiyo miwili. Mwaka 1912 Wajerumani waliyahamishia Gitega kutoka Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati huo. Wabelgiji, walioiteka nchi mwaka 1916, waliifanya Usumbura kuwa makao makuu ya Ruanda-Urundi yote.

Ofisi huhama, lakini mitaa, masoko na makaburi hubaki mahali pake. Makala haya yanaeleza njia ambayo mgeni, au mkazi asiyeujua mji wake vyema, anaweza kuifuata akiwa na mwongozaji. Yeyote aliye mkakamavu anaweza kuimaliza asubuhi moja, isipokuwa kituo cha mwisho kilicho mlimani, ambako ni afadhali kwenda kwa gari. Njia hii inaanzia ziwani na kupitia kwanza mitaa ya Waswahili, kwa sababu ndiko sehemu kubwa ya maisha ya mji ilikoanzia.

Bandari na ziwa

Ziwa Tanganyika lina urefu wa takriban kilomita 670 na kina kinachofikia karibu mita 1,470. Ni la pili kwa kina duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Bandari ya Bujumbura inaiunganisha Burundi na Kigoma nchini Tanzania, Kalemie nchini Kongo na Mpulungu nchini Zambia. Reli kutoka Dar es Salaam ilipofika Kigoma mwaka 1914, mzigo wa pwani uliweza kusafirishwa kwa treni na meli hadi Usumbura.

Kabla ya reli, njia hiyo ilikuwa ya misafara na majahazi ya Ujiji. Katika miaka ya 1880 mfanyabiashara Mohammed bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alijaribu kujipenyeza Burundi kwa nguvu, na majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yakamzuia. Kwa hiyo Waswahili hawakuingia nchini kama watawala. Walikuja kama wachuuzi, mabaharia, wapagazi, mafundi na, baada ya Wajerumani kujenga kambi yao hapa mwishoni mwa karne ya 19, kama askari.

Ushahidi wa kuwapo kwao umo ndani ya majina yenyewe. Kiambishi «u-» cha Urundi na Usumbura ni cha Kiswahili, sawa na kile cha Uganda au Unyamwezi. Wajerumani waliziandika nchi kwa namna walivyozisikia kutoka kwa wakalimani na wapagazi wao, na Wabelgiji wakayarithi maandishi hayo. Uhuru ulipofika, nchi na mji vikachukua rasmi majina ya Kirundi: Burundi na Bujumbura.

Mtaa wa Waasia

Ukitoka bandarini kuelekea katikati ya mji unapita Mtaa wa Waasia. Utawala wa Kibelgiji uliwapangia wakazi makazi kwa kufuata asili zao: Wazungu mahali pao, Wahindi na Waarabu mahali pao, Waafrika mahali pao. Hapa ndipo walipofungua maduka wafanyabiashara wenye asili ya India na Omani, wakiuza vitambaa, chumvi, sabuni na vyombo vya chuma.

Mwongozaji mzuri atamwonyesha mgeni nyumba za zamani ambazo duka lilikuwa mbele na familia ikaishi nyuma. Atamweleza pia kwamba Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kaunta. Mhindi, Mwarabu, Mrundi na Mkongo walielewana bei kwa lugha hiyo, hata pale ambapo barua za ofisini ziliandikwa kwa Kifaransa.

Buyenzi

Kaskazini yake ni Buyenzi, mtaa unaostahili muda mrefu kuliko vituo vyote. Leo ni kanda ndani ya tarafa ya Mukaza. Barabara zake zimenyooka na kukatana kama mistari ya daftari, na hutambulishwa kwa namba. Mpangilio huo ni kazi ya wakoloni, lakini uhai wake umeletwa na watu: wazao wa Wamanyema kutoka Kongo, wa watu wa Ujiji na pwani, wa askari wa zamani, na Warundi waliohamia mjini na kusilimu. Misikiti ni mingi, adhana hufuatana, na wakati wa mchana sauti za nyundo za mafundi wa magari hutawala. Soko la Ruvumera liko humu humu.

Mambo mawili ya historia ya Buyenzi yanafaa kuelezwa hapo hapo mtaani. La kwanza ni la wanawake. Katika miaka ya 1950 utawala wa kikoloni uliwatoza kodi wanawake wa mjini walioishi bila mume. Wajane na waliotalikiwa wa Buyenzi waliona kodi hiyo kuwa tusi, kwa kuwa iliwaweka katika fungu moja na makahaba. Wakaipinga hadharani. Huo ulikuwa upinzani wa raia dhidi ya sheria ya kikoloni, miaka kadhaa kabla ya uhuru, na waliouongoza walikuwa wanawake Waislamu.

La pili ni la siasa. Mwaka 1957 Mwanamfalme Louis Rwagasore, mtoto wa Mwami Mwambutsa IV, alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi. Wachuuzi Waswahili wa Usumbura walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono mapema, na mtaa huu ukawa moja ya ngome za harakati zake mjini.

Miaka ya vita, iliyofuata mauaji ya Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, haikukiacha kitongoji chochote salama. Hata hivyo, wakati mitaa mingine ilipokuwa ikigawanyika kwa misingi ya kikabila, Buyenzi ilijulikana kuwa mahali ambapo Wahutu na Watutsi waliendelea kuishi pamoja, na ambapo majirani walifichana majumbani.

Bwiza

Jirani na Buyenzi ni Bwiza, ambayo wazee bado wanakumbuka kwamba iliitwa Belge. Mitaa hii miwili ndiyo ya kale zaidi miongoni mwa ile waliyotengewa Waafrika. Ngagara, iliyojulikana kwa jina la OCAF, ilifuata baadaye, katika miaka ya 1950. Bwiza inajulikana kwa muziki na shughuli za jioni. Kwa mtembezi wa asubuhi ni mahali pa kupumzika na kunywa chai.

Katikati ya mji

Kutoka Bwiza njia inageukia kusini hadi Uwanja wa Uhuru na barabara kuu. Hapa mgeni anaweza kuisoma historia kwenye vibao vya barabara. Barabara ya 28 Novemba inakumbuka siku ya mwaka 1966 ambapo ufalme ulikomeshwa na jamhuri kutangazwa. Barabara ya 1 Novemba inakumbuka mapinduzi ya mwaka 1976. Rwagasore na Patrice Lumumba wana barabara zao. Majina mengine ni mapya: tangu 2019 uwanja wa ndege unaitwa Melchior Ndadaye, na uwanja wa mpira uliokuwa na jina la Rwagasore unaitwa Intwari, yaani Mashujaa.

Soko kuu lililokuwa hapa liliteketea kwa moto Jumapili, 27 Januari 2013. Maelfu ya familia zilizotegemea vibanda vyake zilipoteza mali, na wachuuzi wakatawanyika katika masoko ya pembeni, yakiwemo yale ya upande wa Buyenzi. Asiyelijua tukio hilo hataelewa kwa nini biashara ya mji imesogea kutoka katikati.

Vugizo

Kituo cha mwisho ni kaburi la Rwagasore kwenye kilima cha Vugizo. Chama chake cha UPRONA kilishinda uchaguzi wa 18 Septemba 1961 kwa viti 58 kati ya 64, naye akawa waziri mkuu. Tarehe 13 Oktoba alipigwa risasi akila chakula cha jioni katika Hoteli Tanganyika, karibu na ziwa. Alikuwa na umri wa miaka 29. Muuaji, Mgiriki Jean Kageorgis, alitekelezewa hukumu ya kifo 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru.

Kutoka hapa mji mzima unaonekana: ziwa, bandari, mapaa ya Buyenzi, na ng'ambo ya pili milima ya Kongo. Mwenye muda anaweza kuendelea kusini kwa gari hadi Mugere, kilomita kama 12 hivi, kuliona jiwe linalokumbuka ziara ya Livingstone na Stanley ya Novemba 1871.

Mambo ya kuzingatia

Ni vyema kuanza mapema kabla ya joto, na kuchagua miezi ya kiangazi, Juni hadi Septemba. Jumamosi asubuhi ni wakati wa kazi za jamii, na maduka mengi hufungwa. Machi 2022 pikipiki, bajaji na baiskeli zilizuiwa kuingia katikati ya mji, jambo lililompa nafuu mtembea kwa miguu. Mgeni asipige picha bandarini, kwenye kambi au majengo ya serikali bila ruhusa. Buyenzi, ni busara kuepuka saa ya sala ya Ijumaa, kuvaa kwa staha, na kutanguliza salamu kabla ya swali.

Mji Mkongwe wa Zanzibar umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na Lamu tangu 2001. Huko milango na kuta zimelindwa. Buyenzi haina majumba ya mawe ya namna hiyo, wala hakuna makumbusho yanayosimulia historia ya Waswahili wake. Habari za kodi ya wajane, za ushirika wa 1957 na za majirani waliofichana zimo vichwani mwa wazee, na idadi yao inapungua kila mwaka. Kijana anayemwongoza mgeni leo anaweza kufanya jambo moja la manufaa kabla ya matembezi: kuketi na bibi au babu wa mtaa wake, kumwuliza, na kuyaandika atakayoambiwa pamoja na jina la msimulizi na tarehe.