Njaa ya Uholanzi na mizani ya wakunga

Mtaani kwetu mtoto akiwa mfupi jibu liko tayari mdomoni: kafuata ukoo. Inawezekana. Lakini kuna kisa cha vita kinachonifanya nisiridhike na jibu hilo. Hebu tukitazame.

Ni Septemba 1944, Uholanzi iko mikononi mwa Wajerumani. Wafanyakazi wa reli wakagoma ili kuyasaidia majeshi ya Uingereza na Marekani yaliyokuwa yanasonga mbele. Wajerumani wakalipiza kisasi kwa kuzuia chakula kuingia miji ya magharibi. Baridi ikawa kali, mifereji ikaganda. Mgawo wa mtu mzima katika miji kama Amsterdam ukashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Watu wakala hadi vitunguu vya maua ya tulip. Takriban 20,000 walikufa kabla nchi haijakombolewa Mei 1945.

Katika dhiki hiyo wanawake waliendelea kuzaa, na wakunga waliendelea kupima watoto na kuandika. Miaka ya 1970 kumbukumbu hizo zikafukuliwa na watafiti, wakiwamo Zena Stein na mumewe Mervyn Susser, wazaliwa wa Afrika Kusini. Wakakuta kwamba mama aliyepatwa na njaa miezi mitatu ya mwisho ya mimba alizaa mtoto mwepesi kwa kama gramu 300. Aliyepatwa nayo miezi ya mwanzo, kisha akapata chakula, alizaa mtoto wa uzito wa kawaida. Usishangilie mapema: baadaye kundi hilo lilionekana kuandamwa zaidi na maradhi ya moyo.

Na urefu je? Vijana wale walipopimwa jeshini wakiwa na miaka 19 hivi, hawakuwa wafupi kuliko wenzao. Njaa ilikuwa imekwisha, chakula kikarudi, wakakua.

Hapo ndipo kwetu panapouma. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Hatukuzingirwa na jeshi lolote. Ila mama anabeba mimba akiwa na upungufu wa damu, ananyonyesha katika hali ileile, kisha mtoto anaanzishiwa uji mtupu. Njaa ya namna hiyo haina tarehe ya ukombozi.

Basi kabla ya kuusingizia ukoo, tuulize mama alikula nini. Na kama hakula, tusimlaumu kabla ya kuuliza kwa nini.