Jina na Namba: Historia ya Saraka za Pamoja katika Kompyuta za Unix

Miongoni mwa makosa yanayowataabisha watunzaji wa kompyuta za Unix, moja ni fupi sana kwa maneno: ruhusa imekataliwa. Mtu ana saraka yake katika seva moja, yaani mahali zilipowekwa faili zake. Huijia kwa njia ya mtandao kutoka kompyuta nyingine, naye huzuiliwa asiione mali yake mwenyewe. Aghalabu lawama humwangukia mtunzaji. Lakini tukiichungua historia ya jambo hili twaona ya kuwa asili ya kosa ni ya zamani zaidi, nayo yahusu swali moja: kompyuta ikiiambia nyingine, "Huyu ni fulani," neno hilo laaminiwa kwa ushahidi gani?

Mfumo wa Unix ulianza mwaka 1969 katika maabara ya Bell, huko Marekani, kwa kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Watu wengi walitumia mashine moja. Kila mtumiaji alikuwa na jina na namba: jina kwa ajili ya wanadamu, namba kwa ajili ya mashine. Faili hubeba namba ya mwenyewe, si jina lake. Maadamu mashine ilikuwa moja, na daftari la majina ni moja, utaratibu huo haukuleta utata.

Mambo yalibadilika ilipoanzishwa kampuni ya Sun Microsystems, California, mwaka 1982. Kampuni hiyo iliuza kompyuta za kuwekwa mezani kwa mtu mmoja mmoja, zikiunganishwa kwa mtandao. Mwaka 1985 Russel Sandberg na wenzake wa kampuni hiyo walieleza mbele ya mkutano wa watumiaji wa Unix, mjini Portland, mfumo wao wa kushiriki faili, uitwao kwa kifupi NFS. Itifaki yake ya toleo la pili ilichapishwa kwa watu wote Machi 1989.

Waliotunga mfumo huo walifanya maamuzi mawili makubwa. La kwanza, seva isiweke kumbukumbu ya wateja wake. Faida yake yaonekana wazi: seva ikizimika na kuwaka tena, mteja hurudia ombi lake na kazi huendelea. Hasara yake ni kwamba, seva isiporudi, programu ya mteja yaweza kungoja bila kikomo. Tena, mteja hushika alama ya faili aliyopewa na seva; faili hiyo ikifutwa na mtu mwingine, alama hubaki mkononi haina maana. Kosa hilo watunzaji waliliita kwa neno litumikalo kwa chakula kilichochacha.

Uamuzi wa pili ndio uliozaa matata zaidi: seva iiamini namba iletwayo na mteja. Tuchukue mfano. Asha ana namba 501 katika kompyuta yake, bali katika seva namba 501 ni ya Juma. Asha akiijia saraka yake atakataliwa. Akiijia ya Juma atafunguliwa. Lililo baya zaidi, mwenye mamlaka yote juu ya kompyuta yake mwenyewe aliweza kujivika namba aipendayo. Kwa hiyo ikawekwa kinga: mtumiaji mkuu, mwenye namba 0, akitoka mashine nyingine, hugeuzwa kuwa "si mtu yeyote". Huyo asiye mtu alipewa namba -2, ambayo ikihesabiwa bila alama ya kutoa katika tarakimu 16 za jozi husomwa 65534. Kinga hiyo haikumzuia mtu kujivika namba ya mtumiaji wa kawaida.

Ili namba zilingane mahali pote, Sun ilitunga daftari la pamoja, ikaliita Yellow Pages. Kwa kuwa jina hilo lilikuwa alama ya biashara ya British Telecom huko Uingereza, lilibadilishwa kuwa NIS; hata hivyo amri zake zimebaki na herufi "yp" mwanzoni. Likabaki pia tatizo la vikundi: ombi la mteja hubeba vikundi visivyozidi 16 pamoja na kile cha msingi, hivyo mwenye vikundi vingi zaidi huweza kukataliwa ingawa haki anayo.

Toleo la tatu, la Juni 1995, lilimwezesha mteja kuiuliza seva kama ana ruhusa, badala ya kukisia. Mwaka 1998 Sun ilikabidhi maendeleo ya itifaki kwa chombo cha viwango vya intaneti, na toleo la nne likatangazwa Desemba 2000. Hapo jina lilichukua nafasi ya namba katika kumtaja mwenye faili, likifuatwa na jina la eneo lake. Lakini maeneo ya pande mbili yasipolingana, faili zote huonekana kuwa za "si mtu yeyote". Na pasipo uthibitisho wa Kerberos, ruhusa yenyewe huendelea kupimwa kwa namba. Kerberos nayo hudai saa za kompyuta zilingane, kwa kawaida zisipishane zaidi ya dakika 5.

Basi mchunguzi hana budi kufuata tabaka za historia hii: kwanza, je, seva yajibu katika mlango 2049, na kwa matoleo ya zamani mlango 111 pia? Pili, je, mteja ametajwa katika faili ya "exports"? Tatu, namba zalingana? Nne, vikundi ni vingapi? Mwisho, jina la eneo na saa. Asitosheke kuona jina moja pande zote mbili. Jina ni la kusomwa na watu. Panapokosekana ushahidi mwingine, seva huamua kwa namba.