Weupe wa Karatasi

Ukurasa ulioushika ni mweupe, hali ya kuwa mti ulikotoka haukuwa mweupe. Mafundi wa Kiislamu wa zamani walitumia kitani na matambara. Kitabu cha karne ya 11 kinachonasibishwa na Al-Muizz ibn Badis, mtawala wa Ifriqiya, chaeleza kazi yao: kitani huchambuliwa, hurowekwa katika maji ya chokaa, hufikichwa kwa mikono, kisha huanikwa juani, na hurudiwa hivyo siku kadhaa mpaka kitakate. Subira iliyoje!

Siku hizi karatasi nyingi hutokana na miti, kama mkaratusi, wenye nyuzi fupi. Mti ukipikwa kwa dawa, rojo lake hutoka la kahawia kwa sababu ya lignini, gundi inayoshikanisha nyuzi.

Mwaka 1774 Scheele wa Sweden aligundua klorini. Mwaka 1785 Berthollet, Mfaransa, akaonyesha kuwa hung'arisha nguo. Wenye viwanda vya karatasi nao wakaishika, kwani kazi ya siku nyingi za jua ikawa ya saa chache tu.

Gharama yake ilidhihiri baadaye. Miaka ya 1980, huko Marekani, samaki wa mito ipokeayo maji ya viwanda hivyo walikutwa na dayoksini, sumu izaliwayo klorini ikutanapo na lignini. Mwenye kuandikia karatasi yuko mbali. Mwenye kula samaki ndiye akaaye kando ya mto.

Viwanda vingi vikaiacha gesi ile, vikashika klorini dayoksaidi pamoja na oksijeni. Ama ile bahasha ya kaki uipokeayo posta, rojo lake kwa kawaida halikung'arishwa kabisa, na barua hufika vilevile.